Hesabuni na Miguu

Barua ya wazi kwa Magavana wa Kaunti za Kisii na Nyamira, mawaziri wao wa barabara na wa mipango, wawakilishi wadi wa mabunge yote mawili, na wahandisi wa mamlaka za barabara za KeNHA, KeRRA na KURA wanaohudumu Gusii

Waheshimiwa,



Wiki mbili zilizopita nilifanya kazi ambayo hakuna aliyenituma. Jogoo wa pili alipowika nilitoka nyumbani, nikashuka njia inayotoka kwetu hadi mto Gucha, nikaketi juu ya jiwe karibu na kivuko cha magogo mawili. Nilikuwa na vikopo vitatu. Aliyepita kwa miguu nilimtilia punje ya mahindi, pikipiki iliyofika ukingoni niliitilia haragwe, na gari ningelitilia kokoto. Kufikia saa nne asubuhi kikopo cha mahindi kilikuwa kimefurika, punje nyingine nikawa nazitia mfukoni mwa sweta. Cha maharagwe kilifika nusu. Cha kokoto kilibaki kitupu, maana gari halina pa kupitia pale.

Niliwaona watoto wa shule wakivua viatu na kuvining'iniza shingoni. Niliwaona akina mama wenye vikapu vya majani ya chai wakisubiriana, kwa sababu gogo moja hutikisika mtu wa pili anapokanyaga. Bodaboda walifika, abiria wakashuka kuvuka kwa miguu, pikipiki zikageuzwa kurudi zilikotoka. Omogaka mmoja, mzee anayetembelea magongo, alifika, akayatazama maji, akaketi karibu nami kwa muda, halafu akapanda mlima kurudi nyumbani. Alikuwa anakwenda kliniki. Nilimtilia punje yake ingawa hakuvuka.

Nauliza, waheshimiwa: katika vitabu vyenu vya mipango asubuhi ile imeandikwa wapi?

Barabara inapopimwa ili ijulikane kama inastahili lami, kinachotangulia ni hesabu ya magari. Huulizwa ni mangapi yanapita kwa siku, ni ya uzito gani, na yataongezeka kwa kasi gani miaka ijayo. Kutokana na hesabu hiyo mhandisi hupata unene wa matabaka na gharama, na mchumi hupata faida: mafuta yatakayookolewa, vipuri ambavyo havitaharibika, muda ambao dereva na abiria wake hawataupoteza. Ni hesabu yenye maana, na barabara kuu haiwezi kujengwa bila hiyo. Lakini ikiletwa kwenye njia kama yetu inatoa sifuri. Muda wa mama aliyezunguka kilomita kadhaa kutafuta daraja haumo. Siku ya shule iliyopotea kwa sababu mto umejaa haimo. Safari ya kliniki ambayo haikufanyika haiwezi kuonekana popote, kwa kuwa anayehesabu huhesabu waliopita, na yule mzee hakupita.

Kisha hesabu hiyo inajizungusha. Njia ni mbovu, kwa hiyo magari hayaji. Magari hayaji, kwa hiyo njia inawekwa mwisho wa orodha. Imewekwa mwisho wa orodha, kwa hiyo inabaki mbovu. Kuna vijiji vya Bomachoge na Mugirango Kusini ambavyo vimekaa ndani ya duara hilo tangu wazee wetu wakiwa vijana, na hakuna aliyewahi kukaa ofisini akaamua kuwadhulumu wakazi wake. Kipimo ndicho kilichowaacha nje.

Mnaijua ardhi yetu. Barabara kubwa za Gusii hufuata migongo ya milima, kwa sababu juu kuna ukavu na hakuna mito ya kuvuka. Maisha yenyewe huteremka: mashamba yetu ni vipande vyembamba vinavyoanzia juu barabarani na kushuka hadi kijitoni, na kadiri familia inavyogawanya ardhi ndivyo wengine wanavyosukumwa chini zaidi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii, yaani 957 kwa kila kilomita ya mraba, na 605,576 Nyamira, yaani 675 kwa kila kilomita ya mraba. Kwa msongamano huo hakuna njia ya miguu ambayo ni ya watu wachache. Udongo wetu mwekundu ukilowa huteleza kama sabuni, na murram iliyomwagwa kwenye mteremko mkali bila mitaro huondoka na mvua ya msimu mmoja na kuishia Gucha. Tumeona greda ikipita mwezi wa Machi na mwezi wa Mei tukawa palepale.

Sitaki kuandika kana kwamba hakuna kilichofanyika. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901 na milima yetu ikaachwa kando, na tangu hapo kila tulicho nacho, kahawa, chai, ndizi, mawe ya Tabaka, kimeitegemea barabara. Barabara ya Kisii kupitia Nyamira hadi Chemosit imewasogeza watu wa Ikonge na Kebirigo karibu na dunia. Barabara ya Isebania, Kisii hadi Ahero, iliyokarabatiwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, imempunguzia mfanyabiashara wa Suneka na wa Nyakoe saa nyingi za njiani. Nashukuru, na nasema hivyo kwa moyo wote.

Ila simameni siku moja kando ya barabara hiyo hiyo, pale ambapo soko liko upande huu na steji iko upande ule. Gari linakuja kwa kasi ambayo zamani mashimo yaliizuia. Omong'ina, mama mzee mwenye mkungu wa ndizi kichwani, anaangalia kushoto, anaangalia kulia, anarudi nyuma, anajaribu tena. Mtu wa kiti cha magurudumu anafika kwenye mtaro mrefu usio na kifuniko, na safari yake inaishia hapo. Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali popote pa umma na kutumia usafiri wa umma. Kwake haki hiyo ina maana ya kifuniko cha mtaro, na kifuniko hakipo.

Na wauzaji wa kando ya barabara, ambao kila mradi mpya huwataja kama kizuizi? Tarehe 30 Juni 2023, pale Londiani, si mbali na kwetu, lori liliacha njia likaingia katikati ya watu waliokuwa wakiuza na kusubiri magari. Waliokufa walizidi 50. Agizo lililofuata lilikuwa la kuwaondoa wauzaji barabarani. Mimi naona swali lilipaswa kuanzia nyuma zaidi, siku barabara ilipochorwa. Mama muuza mboga hukaa pale kwa sababu mteja wake hushukia pale. Kama mchoro ungeonyesha steji pana, ukingo wa kuzuia magari na soko lenye mlango unaotazama steji, asingelazimika kuchagua kati ya uhai na mauzo. Barabara iliyochorwa bila soko huwa imemwacha muuzaji ukingoni kabla hajafika na kapu lake.

Msiseme pia kwamba anayetembea hachangii. Tangu Julai 2024 kila lita ya petroli hutozwa shilingi 25 za ushuru wa kutunza barabara. Kabla ya hapo zilikuwa 18. Kijana wa bodaboda wa Etago au wa Magombo anayechoma lita tatu kwa siku ametoa shilingi 75 kabla hajala. Akifanya kazi siku 300 kwa mwaka ni shilingi 22,500, na hizo lazima azirudishe kwa nauli anayomtoza mama anayepeleka matoke sokoni. Kwa hiyo mama huyo, ambaye hana hata baiskeli, analipia lami ya nchi nzima. Asilimia 22 ya hazina ya ushuru huo imekuwa ikigawiwa maeneo bunge yote sawa kwa sawa kupitia KeRRA: Kisii ina 9, Nyamira ina 4. Mwaka 2024 na 2025 magavana na wabunge walifika mahakamani wakivutania shilingi bilioni 10.5 za ushuru huo, kila upande ukidai barabara ni zake. Nilifuatilia mvutano ule kwa makini nikisubiri mtu aulize fedha hizo, upande wowote ukishinda, zitafika kwenye njia ipi. Sikulisikia swali hilo.

Sheria hazikosekani. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti barabara za kaunti, na pia taa za barabarani, maegesho na usafiri wa umma. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka wananchi washiriki katika mipango na wapewe taarifa kwa wakati. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka huo huo inawataka mfikishe mpango wa maendeleo wa mwaka katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, muda mrefu kabla bajeti yenyewe haijaandikwa. Hapo ndipo barabara huzaliwa au hufa. Mwezi wa Juni watu wanapopigia kelele bajeti, orodha imeshafungwa.

Nilihudhuria kikao kimoja cha kukusanya maoni. Sitataja ni wapi, kwa sababu nimesikia kisa hicho hicho kutoka sehemu nyingi. Tangazo lilikuwa limetoka gazetini kwa Kiingereza. Kikao kilipangwa saa nne asubuhi, siku ya soko, mahali ambapo mtu wa bonde letu hufika kwa pikipiki mbili. Kitabu kinene kililetwa siku hiyo hiyo, nakala chache, nacho kwa Kiingereza. Mama mmoja alisimama akaanza kueleza kwa Ekegusii kivuko kilichomzamisha ndama wake. Akaombwa afupishe, muda umekwisha. Baadaye tuliandika majina na nambari za simu kwenye karatasi. Nadhani karatasi ile ndiyo iliyothibitisha kwamba wananchi wameshirikishwa. Mama yule naye aliandika jina lake, kwa herufi alizozichora polepole, na ninajua hakuna ukurasa wa kitabu kile uliokitaja kivuko chake.

Nasema haya bila uadui. Afisa aliyeongoza kikao alikuwa kijana mpole mwenye orodha ya wadi za kumaliza wiki ile. Lakini ushiriki wa namna hiyo huwapa sauti wale wale waliokuwa nayo: mwenye gari, mwenye duka, jamaa wa mwakilishi wadi, mwanamume anayeweza kuacha kazi asubuhi. Wanawake wanaobeba mizigo mingi kuliko wote huwa sokoni au shambani saa hiyo.

Kaunti ya Makueni ilionyesha kwamba inawezekana vingine. Tangu 2013, chini ya Gavana Kivutha Kibwana, vikao vilianzia kijijini, mahitaji yakapanda ngazi kwa ngazi hadi wadi na kaunti, na kamati za wakazi zikasimamia miradi na kutia sahihi kabla mkandarasi hajalipwa. Mbali zaidi, jiji la Porto Alegre nchini Brazil lilianza mwaka 1989 kuwaachia wakazi wapange sehemu ya bajeti, na mitaa maskini ikadai hasa mabomba ya maji na njia za kupitika. Kinachonivutia huko ni jinsi walivyopima: mtaa uliokosa huduma zaidi ulipewa alama nyingi zaidi. Kukosa kulihesabiwa kama sababu ya kupewa. Kwetu, mahali pasipo na barabara hupata alama chache kwa kuwa hapana magari.

Kuna jambo la ardhi ambalo ni lazima niligusie, maana huumiza kimyakimya. Njia ya kijiji ikipanuliwa, mara nyingi watu huombwa watoe ukanda wa shamba bila fidia, kwa sababu maendeleo ni ya wote. Mwenye ekari tano hatoi sawa na mwenye robo ekari, hata kama ukanda una upana ule ule. Na pale ambapo fidia hulipwa, hulipwa aliye kwenye hati. Hati nyingi Gusii bado zina jina la babu aliyekufa zamani, urithi haujagawanywa mahakamani, na mjane anayelima kipande hicho hana karatasi yoyote yenye jina lake. Migomba yake inakatwa, pesa zinakwenda kwa shemeji. Kabla ya kupima njia, nawaomba mpite nyumba kwa nyumba na chifu na wazee muandike nani analima, nani analala pale, nani ataondolewa. Hilo pia ni sehemu ya kupanga barabara.

Halafu kuna Keroka. Mji mmoja, kaunti mbili, na miaka mingi ya kuzozana nani akusanye ushuru sokoni. Ushuru una wadai wawili. Mtaro ulioziba mpakani hauna hata mmoja. Ndivyo ilivyo katika vijito vingi vinavyotenganisha Kisii na Nyamira: ukingo wa huku unasema daraja ni la kule. Watoto huvuka mpaka wa kaunti kila asubuhi kwenda shule bila kujua. Sheria ya Uhusiano wa Serikali ya 2012 inaruhusu kaunti kuunda kamati ya pamoja. Undeni moja, iwe ya vivuko vya mpakani tu, ipewe fungu kutoka pande zote mbili. Gucha yenyewe huanzia vilima vya Kiabonyoru, Nyamira, kisha huingia Kisii. Haijawahi kusimama mpakani kuuliza.

Najua mtajibu kwamba fedha hazitoshi. Ni kweli. Mwaka 2025 shilingi 7 kati ya zile 25 za kila lita ziliwekwa dhamana ili kulipa madeni ya wakandarasi, na madeni ya kaunti nayo hayaishi. Lakini ninachoomba hakihitaji lami ya kilomita nyingi. Njia mbovu kwa kawaida haijaharibika yote. Ina mahali patatu au panne panapoifunga: kivuko, mteremko wa utelezi, kona yenye chemchemi. Wahandisi wenu wanajua kutengeneza mahali hapo tu na kuacha pengine. Daraja la miguu lenye vishikio na sakafu pana ya kupitisha kiti cha magurudumu na pikipiki. Mawe yaliyopangwa kwenye mteremko mkali, nasi mawe tunayo. Karavati na mtaro kabla ya murram, kila mara. Mwaka 1974 Kenya ilianzisha mpango wa barabara za mashambani zilizochimbwa kwa majembe na wilbaro na wakazi waliolipwa ujira. Vijana wetu wanaokaa stejini mchana kutwa wangeifanya kazi hiyo wakiwa karibu na nyumbani, na ujira ungebaki katika maduka ya wadi. Wanawake wa Tabaka, wanaosugua na kulainisha mawe baada ya wachongaji, hushinda na maji na vumbi kisha hubeba mizigo kupanda mlima. Waulizeni wao mteremko upi uanze, hawatakosea.

Kwa hiyo, kabla ya mpango ujao kwenda bungeni, hesabuni watu. Kila wadi ichague njia zake za miguu zenye shughuli, na siku tatu tofauti, moja ya soko, moja ya shule, moja ya mvua, wahesabiwe wanaopita: wanaotembea, wenye mizigo, watoto, wenye magongo. Kisii ina wadi 45, Nyamira 20. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisii wanaweza kusaidia, walimu wanaweza kusaidia, mimi mwenyewe nitasaidia bila malipo. Waulizeni pia waliobaki nyumbani kwa nini hawakupita. Matokeo yabandikwe kwenye ukuta wa ofisi ya chifu, kwenye kituo cha kununulia chai na kwenye makanisa, kwa Kiswahili na Ekegusii, pamoja na orodha ya njia zilizopendekezwa, zilizochaguliwa na zilizoachwa, na sababu ya kila moja kuachwa. Na vikao vifanyike alasiri, bondeni, mahali ambapo kivuko kinaonekana kwa macho.

Magavana wangu, wahandisi wangu, karibuni kwetu. Njooni asubuhi baada ya mvua ya usiku, mkiwa na gambuti. Gari mtaliacha juu kwenye kituo cha kununulia chai; njia huanzia nyuma yake, kushoto kwa mti wa mparachichi, na hadi mtoni ni mwendo wa dakika 20 kwa mwenye miguu mizuri. Yule mzee wa magongo anaishi nyumba ya tatu, na amesema atawasubiri mlangoni. Vile vikopo ninavyo bado.

Wenu,
mkazi wa bonde la Gucha